Udongo Niliopaka Juu ya Tofali

Nyinyi mnaoshika mwiko siku hizi, wa kike na wa kiume, wekeni simu chini kidogo. Nataka kuwaeleza jinsi mimi, Fundi Tatu, niliyepiga lipu zaidi ya miaka thelathini kuanzia Mlandizi mpaka Magindu, nilivyochukua udongo nikaukandika juu ya ukuta wa tofali za saruji. Ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Ukuta wa mbele, unaotazama njia. Na niliukandika vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Msicheke bado. Mtacheka huko mbele.

Shule nilisoma Kisarawe mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza kwa sababu niliwekwa ndani. Wa kwetu wanaelewa. Mwali alikuwa anawekwa ndani, akitolewa anachezwa ngoma ya mkole, na akishachezwa habari ya daftari imekwisha. Tulitolewa wawili siku moja, mimi na Mwasiti wa nyumba ya jirani, tumepakwa mafuta mpaka tunateleza, ngoma inalia, kina mama wanatutazama. Baadaye Mwasiti akaolewa na kaka yangu, akawa wifi yangu. Mshikeni huyo Mwasiti, atarudi.

Kazi niliianzia kwenye udongo. Nilipoolewa huku Mlandizi, wanaume walisimika miti na kufunga fito, kisha wakaenda zao kukaa. Sisi wanawake tukachota maji, tukakanyaga udongo mpaka ukawa kama ugali uliosongwa ukasongeka, tukakandika. Mama mkwe wangu alikuwa anapita nyuma yangu anakagua. Akikuta alama za vidole anasema, "Tatu, umekandika ukuta au umeupiga makofi?" Nikawa narudia mpaka alama zinapotea.

Lipu ya saruji nilifundishwa na Fundi Pazi, Mungu amrehemu. Nilikuwa nachota maji kwenye saiti yake. Siku moja msaidizi wake hakuja, nikamwambia nipe mwiko. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Mwanamke na lipu wapi na wapi?"

"Kwako ugali anasonga nani?"

"Mke wangu."

"Basi ni mkono uleule."

Akanipa choo. Hakutaka niharibu nyumba, akanipa ukuta wa nje wa choo cha uani, tena jua la saa saba. Nikapaka, nikasawazisha, nikarudi nyuma hatua tatu kujitazamia kazi. Nikajiona fundi tayari. Ukuta sikuunywesha maji, maana hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza. Tofali kavu likanywa maji yote ya lipu. Jioni mwenye nyumba kaingia chooni, kajifungia, na lipu yangu ikabanduka yote kwa mkupuo kama chapati kwenye kikaango, ikashuka chini kwa kishindo. Mzee wa watu akatoka. Sitasema alitoka vipi. Alikuwa mtu wa heshima zake msikitini.

Fundi Pazi hakunigombeza. Kesho yake alinikabidhi ndoo na kopo. "Ukuta una kiu kuliko wewe," akasema. "Unyweshe kabla hujaupaka. Na ukishamaliza unyweshe tena siku saba, asubuhi na jioni. Lipu haikaushwi, Tatu. Inakomazwa." Maneno yale nimekaa nayo mpaka leo, na mwisho wa habari hii mtaona yamemsaidia nani.

Mengine alinifundisha kidogo kidogo. Mchanga usiuhukumu kwa macho, usugue viganjani. Viganja vikibaki vyekundu huo una udongo, mwambie dereva ageuze lori. Lipu usiipake kama mafuta kwenye mkate, irushe kwa kifundo cha mkono ishike yenyewe, ndipo usawazishe. Anza juu ushuke. Ikishakomaa, kunja kidole ugonge. Panapolia kama debe tupu, lipu haijashika, bandua urudie, usimwachie mwenye nyumba aje agundue mwenyewe. Hiyo ya kugonga nimewafundisha wengi. Kumbe nilikuwa nafundisha na watakaonigonga mimi.

Sasa habari ya kodi.

Walianza kupita watu na madaftari. Nyumba ya nani, imejengwa na nini, imeezekwa na nini. Kodi ya majengo. Mtu akisikia hivyo anaogopa, na akiogopa anakwenda kwa fundi, kwa sababu fundi yuko karibu na ofisi iko mbali. Walikuja kwangu. "Fundi Tatu, nikiitengeneza hii nyumba watanitoza zaidi?" Jibu langu lilitakiwa liwe neno moja: sijui. Neno hilo mdomoni mwangu lilikuwa halikai. Mtu mwenye mwiko mkononi na watu wanne wanamsikiliza anajiona anajua na mambo ya serikali.

Nilikuwa nimesikia kitu kimoja cha kweli, kwamba nyumba ya udongo haitozwi. Juu ya kweli hiyo moja nikapandisha uongo ghorofa tatu. Nikawaambia watu nyumba ikionekana imekamilika kodi inapanda. Pigeni lipu ndani, pigeni nyuma, pigeni ubavuni, lakini mbele acheni tofali wazi. Anayehesabu anapita wapi? Anapita mbele. Nikaipa kazi hiyo jina, nikaiita sura ya shida. Watu wakawa wananiita kabisa: "Fundi, na mimi nifanyie ile sura ya shida."

Mtaa wetu ukageuka wote. Kwa nyuma nyumba zinang'aa, kwa mbele kama zimenusurika moto. Ilifika siku wakaja washenga kutoka mbali kumposa binti wa jirani yangu. Wakasimama njiani na kanzu zao safi, wakatazama nyumba, wakanong'onezana, wakaanza kugeuka. Mama wa binti akatoka mbio na upawa mkononi: "Jamani, zungukeni nyuma! Zungukeni nyuma mtuone!" Wakazunguka. Ndoa ilipita, alhamdulillahi, lakini yule mama hakuniletea pilau ya harusi. Hata ukoko.

Kuna jambo jingine lazima niliseme ndipo mtaelewa ujinga ulivyokamilika. Ni umri. Watu wakijua fundi ni bibi hawamwiti. Wanaogopa atapanda jukwaani ateleze, awaletee matanga nyumbani kwao. Kwa hiyo nilipofika hamsini na nne nikasimama hapohapo. Nilikuwa na miaka hamsini na nne kwa muda wa miaka kumi na miwili. Wajukuu walizaliwa, wakaota meno, wakaanza shule, bibi yao hamsini na nne. Kitambulisho changu cha taifa chenye mwaka wa kweli nilikifunga ndani ya kanga, nikakitia chini kabisa ya sanduku.

Basi niliposikia wanaohesabu wanapita tena, nikajiambia kuacha tofali wazi ni kazi ya watu wadogo. Kama nyumba ya udongo haitozwi, mimi nitakuwa na nyumba ya udongo. Nikagongelea fito juu ya tofali ili mbavu zionekane. Nikakanyaga udongo. Nikakandika siku tatu, kwa mkono uleule wa kumridhisha mama mkwe, hakuna alama hata moja ya kidole. Jirani akapita na ndoo yake kichwani, akasimama.

"Fundi, mbona umerudi nyuma?"

"Nimerudi kwa akili."

"Haya," akasema, akaenda zake anatikisika.

Siku ya siku akaja binti mmoja wa ofisini, mtandio safi, daftari kwapani. Ameongozana na mwenyekiti wa mtaa, ambaye nyumba yangu anaijua tangu iko kwenye msingi. Mwenyekiti alipouona ukuta akaanza kutazama mawingu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumba hii ni ya udongo?"

"Wewe unaionaje?"

Akasogea. Akakunja kidole, akagonga. Wajukuu, aligonga vilevile ninavyowafundisha watu kugonga! Kipande cha udongo upana wa sahani kikadondoka miguuni pake, na tofali likamtazama machoni. Mwenyekiti akakohoa. Binti hakucheka wala hakukasirika, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Bibi, kwani una miaka mingapi?"

Yule mtoto alikuwa ananifungulia mlango na mimi sikuuona. Nikadhani ananidhalilisha, tena mbele ya mwenyekiti ambaye nilitaka anipe kazi ya kupiga lipu ofisi ya mtaa.

"Hamsini na nne."

"Una uhakika, bibi?"

"Nilizaliwa mimi au ulizaliwa wewe?"

Akaandika. Tangu siku hiyo kila nikinunua umeme, luku inakata na kodi humohumo, na mimi namgombeza muuza vocha kama vile yeye ndiye aliyetunga sheria. Udongo wa mbele niliuacha ulivyo, na lile tundu katikati. Kuubandua ingekuwa kuwaambia watu nimekosea.

Hapo ndipo mnaweza kucheka. Chekeni sasa hivi, kwa sababu kinachofuata hakichekeshi sana.

Wifi yangu Mwasiti anakaa Kisarawe, upande wa mlimani, kwenye nyumba ya miti na udongo yenye bati juu. Kaka yangu ndiye aliyemjengea, na kaka amelala nyuma ya nyumba hiyohiyo, pembeni ya mihogo. Mtoto wao Shabani anafanya kazi Dar. Aliona ukuta wa mbele wa mama yake umechoka, umepasuka, akaleta saruji na tofali ujengwe upya kabla ya masika. Mwasiti akaniita, fundi wa ukoo ndiye mimi. Nikaenda. Nikaizunguka nyumba mikono mgongoni kama mkaguzi.

"Wifi, usiguse hapa."

"Kwa nini?"

"Hivi ulivyo uko kwenye msamaha, nyumba yako ni ya udongo. Ukitia tofali umejitoa mwenyewe. Watakuandika."

"Lakini umepasuka, Tatu. Mkono unapita."

"Ziba na matambara."

Fundi wa miaka thelathini kasema ziba na matambara. Nimeliandika ili msome, sitalirudia.

Mwasiti akanitii, maana kwenye mambo ya kuta alikuwa hana mwingine wa kumsikiliza. Mifuko ya saruji ikakaa chumbani jirani na mtungi, ikanyonya unyevu, ikaganda. Masika yakaingia. Asubuhi moja mvua imekaza tangu alfajiri, Mwasiti yuko kwenye kibanda cha jikoni uani anakaanga vitumbua. Akasikia kishindo. Akakimbilia ndani, akakuta ukuta wote wa mbele umelala juu ya kitanda chake. Nusu saa kabla ya hapo alikuwa amekilalia.

Shabani alifika kabla mvua haijakatika. Akamwambia mama yake atamchukua Jumapili baada ya wiki mbili, akaishi naye Dar, na kiwanja kitatafutiwa mtu. Mwasiti hataki Dar. Alishakwenda kukaa kwa mwanawe mara moja. Chumba cha juu, mlango wa chuma, wote wako kazini, kutwa nzima anasikiliza jokofu likinguruma. Na pale Kisarawe anamwacha nani na kaburi la mumewe?

Alinipigia simu. Hakunitukana. Angenitukana ningelala usingizi.

"Tatu," akasema, "Jumapili baada ya ijayo wananihamisha."

Nikafunga mwiko na timazi kwenye kanga, nikapanda Kisarawe. Shabani nilimkuta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba."

"Shangazi, mama anasema wewe ndiye uliyemzuia asijenge."

"Mimi."

"Kwa ajili ya kodi?"

"Kwa ajili ya kodi."

"Sasa shangazi, hiyo kodi ni kubwa kiasi gani mpaka mtu afe na ukuta?"

Mimi mwenyewe hukatwa kila mwezi na bado ninakunywa chai na sukari. Nikamwambia, "Nipe hizi wiki mbili. Jumapili ukikuta ukuta haujasimama, mchukue mama yako, mimi nitamfungia mizigo."

"Sawa, shangazi. Jumapili." Akaondoka.

Sasa mimi niko tayari kuanza, nimeshatoa viatu, Mwasiti ananizuia na kikombe chake cha chai. "Haliwekwi tofali hapa. Wewe ndiye uliyeniogopesha, kwa hiyo wewe ndiye utakayenipeleka ofisini hofu initoke. Wakisema nitaandikwa, nijue naandikwaje."

Tukaenda. Wazee walikuwa wamejaa kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake. Zamu yetu ilipofika tukamkuta kijana wa miwani, mpole, kalamu mbili mfukoni. Mwasiti kabla hajasalimiwa mimi nimeshaanza.

"Mwanangu, nyumba ya udongo ikitiwa ukuta mmoja wa tofali, kodi inahesabiwa ukuta ule tu au nyumba nzima?"

Kijana akashusha miwani. "Nyumba ya nani, bibi?"

"Yangu," akasema Mwasiti.

"Unaishi humo mwenyewe?"

"Na kuku."

"Hujapangisha? Huna fremu ya duka?"

"Baba, ukuta wenyewe sina, fremu nitaitoa wapi?"

"Una nyumba nyingine?"

"Sina."

"Na umri wako?"

"Sitini na sita."

Kijana akaweka kalamu chini. "Bibi, mzee aliyefika sitini, nyumba yake moja anayoishi mwenyewe na haimwingizii kodi ya pango, ana msamaha. Weka tofali, piga lipu, ukitaka bandika marumaru mpaka chini ya bati. Niletee barua ya mtendaji na kitambulisho."

Mwasiti akageuza shingo polepole, akanitazama. Nimepigwa na jua kwenye mabati miaka thelathini, sijaungua kama nilivyoungua pale.

Nikajaribu kujiokoa. "Na wasiofika sitini? Lipu si inawapandishia?"

"Zamani wathamini walikuwa wanakadiria kila nyumba, bibi. Siku hizi nyumba isiyo ya ghorofa ina kiwango kimoja. Ina lipu, haina lipu, kiwango kilekile."

Mtaa wetu wote wa Mlandizi ukanipitia machoni. Nyumba baada ya nyumba, na sura zake za shida. Nikamwona na yule mama na upawa wake.

Ningekaa kimya hapo ningetoka na nusu ya heshima. Kijana wa watu kwa wema wake akaniuliza, "Na wewe bibi, yako umeshaiombea msamaha?"

"Mimi bado sijafika. Mimi nina hamsini na nne."

Mwasiti alicheka mpaka akashika meza.

"Nani? Huyu? Mwanangu, mimi na huyu tumetolewa mwali siku moja! Kungwi mmoja, mkole mmoja, na yeye ndiye aliyeanza kulia! Mimi nina sitini na sita yeye hamsini na nne, kwani alichezwa huku ananyonya?"

Benchi zima likaangua. Bibi mmoja mwenye bakora alisema, "Mwali wa Kisarawe hadanganyi umri, mwenzie yupo." Kijana wa miwani akajificha nyuma ya faili, mabega yanacheza.

"Andika sitini na sita," nikamwambia. "Andika haraka kabla sijabadili mawazo."

Akafuta machozi. "Bibi, nyumba yako iko wapi?"

"Mlandizi."

"Basi yako utaandikwa Mlandizi. Hapa hatuwezi."

Kwa hiyo niliuanika umri wangu mbele ya halaiki, tena bure, kwenye ofisi isiyohusika.

Mpaka barua ya mtendaji ikamilike na kurudishwa kwa kijana wa miwani, siku nne zilikuwa zimekwenda. Zikabaki siku tisa. Saruji ya Shabani ilikuwa mawe matupu, nikanunua nyingine mimi, na sababu mnaijua. Ile mifuko iliyoganda hatukuitupa. Tuliilaza mbele ya mlango mmoja juu ya mwingine, ikawa ngazi. Iko mpaka leo, na mikunjo yake ya mfuko. Kila ninapoikanyaga nikiingia kwa wifi yangu inanikumbusha.

Ukuta wa tofali hauungani na wa udongo kwa mapenzi, shikeni hilo. Nilichimba msingi mpya, nikapandisha nguzo za tofali kila pembe zisimame zenyewe, na pale zinapokutana na udongo wa zamani nikafunga waya wa kuku kwa misumari ili lipu ipate pa kushika. Kijana mmoja wa jirani alisaidia kupandisha tofali za juu. Maji alichota Mwasiti, ndoo kwa ndoo, kama enzi zile za kukanyaga udongo. Mchanga wa kwanza ulioletwa niliusugua viganjani, nikaurudisha. Dereva alinuna. Anune.

Nikaunywesha ukuta. Siku ya Jumamosi nikapanda jukwaani, nikaanza juu. Zamani nilikuwa narusha lipu huku nasimulia habari, safari hii pumzi ilitosha kurusha tu. Mwasiti kasimama chini na karai kichwani.

"Fundi wa hamsini na nne, umechoka?"

"Lete lipu, acha maneno."

"Nakuuliza tu. Kijana kama wewe."

Tulimaliza jua linazama. Nikapitisha ubao wa kusawazishia mara ya mwisho, nikatafuta alama za vidole kwa desturi ya mama mkwe. Sikuziona, au macho yangu hayazioni tena.

Jumapili Shabani akaja na pikapu na kamba za kufungia mizigo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mifuko iliyoganda, mwili wote unauma. Mwasiti amesimama na ndoo na kopo, anaumwagia ukuta maji, kwa utaratibu, kuanzia juu kama nilivyomwelekeza.

"Mama, shikamoo. Umefunga vitu?"

"Marahaba. Sogea, utaloa."

Shabani akausogelea ukuta. Nikaona anakunja kidole, nikataka kupiga kelele, maana lipu ya siku moja haigongwi. Akaweka kiganja tu. Akakiacha pale kidogo. Nilitazama kiganja kile kuliko nilivyowahi kumtazama mkaguzi yeyote.

"Umesimama," akasema.

"Umesimama, ila haujakomaa," akasema mama yake. "Unanyweshwa siku saba, asubuhi na jioni. Nikiondoka leo utapasuka. Muulize shangazi yako."

Shabani akanigeukia. "Kweli, shangazi?"

"Siku saba," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kujibu nilichoulizwa tu.

Shabani akatazama kamba zake, akatazama ndoo. Akacheka kidogo, akazirusha kamba nyuma ya pikapu. Aliondoka na mihogo na kuku mmoja, akaahidi kurudi baada ya siku saba.

Mlandizi nilikwenda kwa mtendaji na kitambulisho changu, kimepinda kwa kukaa ndani ya kanga. Akakisoma, akanitazama, akakisoma tena, akasema sionekani kama nina sitini na sita. Nikamwambia asinirudishe kwenye dhambi, agonge muhuri. Na udongo wa mbele nimeubandua, nikapiga lipu. Mwiko nimeuweka chini, isipokuwa zile sura za shida. Hizo nazipiga lipu moja moja, mwenye nyumba alete vifaa, ufundi juu yangu. Zimebaki chache. Nilianza kwa yule mama wa upawa, na safari hii nilipewa pilau.

Na nyinyi mkiulizwa mambo ya msamaha msinitaje mimi. Sheria zinabadilika. Semeni sijui, mwelekezeni mtu ofisini, tena mwambieni aende na umri wake wa kweli.

Masika yamepita mara moja tangu hapo, na ukuta wa Mwasiti haukudondosha hata punje. Shabani humpigia simu mama yake mara kwa mara, anamuuliza atamchukua lini. Nilikuwepo wiki iliyopita simu ilipolia. Mwasiti amekaa barazani anachambua mchele, ukuta nyuma yake mkavu kama mfupa.

"Bado, mwanangu," akamwambia. "Ukuta bado naunywesha."